Majivu Nyuma ya Bafu

Siku tulipomaliza matanga ya mama mkwe wangu, mawifi zangu walitandika mkeka sebuleni kwake, hapa mtaani Bel-Air, wakapanga vitu vyake juu ili tugawane. Kulikuwa na vitenge ambavyo havijawahi kuguswa na mkasi, masufuria mazito, na zile sahani za maua alizozifungia kabatini miaka yote akiwangojea wageni wenye heshima kuliko sisi. Zamu yangu ilipofika niliomba kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, limeshika kutu mdomoni, na chini limetobolewa matundu kwa msumari. Wifi yangu mkubwa alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ngalula, tunakupatia kitenge ya muzuri, weye unataka kopo ya majivu?" Nikamwambia, "Njo hiyo nataka." Wakanipa kopo, na kitenge wakanitupia juu yake, nadhani kwa kunihurumia. Kitenge nimeshakigawa. Kopo liko jikoni kwangu, na tangu nilipolileta nyumbani nimekuwa nikiukumbuka ule mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nikaona afadhali niuandike kabla kumbukumbu zangu nazo hazijashika kutu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nililetwa katika lupango hili, ua huu wenye nyumba zetu zote, mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na vumbi jekundu limetua juu ya kila kitu. Mume wangu, Kalala, alikaa nami wiki tatu, kisha akarudi Lukafu, mashambani, kununua mahindi ya wakulima, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa akikaa huko mwezi mzima au zaidi ndipo aje na gari lililojaa magunia. Kwa hiyo niliolewa na Kalala lakini mwaka ule niliishi na wazazi wake. Desturi ya nyumba yao ilikuwa hivi: bibi arusi hapiki jikoni mwake, anapika jikoni mwa mama mkwe, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapoona ameiva, ampe mbabula yake, lile jiko la makaa tunayoyaita makala, na sufuria yake. Hakuna anayejua siku hiyo ni lini. Wifi yangu mkubwa alishaniambia kwamba kuna bibi arusi wa ukoo wao aliyesubiri miaka mitatu, na mwingine alirudishwa kwao kabla hajapewa hata kifuniko. Nililala na hofu hiyo, nikaamka nayo.

Mama mkwe wangu sote tulimwita Mamu. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Aliuza sukari kwa vikombe pale mlangoni kwa lupango, na ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na sisimizi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuona. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango wa sebule, juu ya vipande vya mbao, na hata ulifunge namna gani, punje zilimwagika. Asubuhi ungekuta mstari mweusi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umepita chini ya picha ya arusi, umeshuka mpaka sakafuni, na kila mdudu ana haraka zake. Majirani walimshauri Mamu anunue dawa ya unga inayouzwa sokoni. Hakukubali hata mara moja. "Sumu haijuwe kuchagua," alikuwa akisema. "Leo ni tududu, kesho ni kuku, kesho kingine ni mutoto ya muntu." Badala yake alikuwa na dawa zake mwenyewe, zote za jikoni, na mtaa mzima ulimjua kwa hizo. Wanawake walikuja kumuuliza, naye aliwajibu huku amejishika kiuno, akijisikia.

Mimi aliniweka kwenye mafunzo kuanzia wiki ya kwanza. Miguu minne ya kabati la chakula ilisimama ndani ya makopo ya samaki yenye maji na tone la mafuta, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maji hayakauki. Njia ya sisimizi haipigwi kwa ufagio, alinifundisha, kwa sababu ukifagia unawaua wachache na njia inabaki. Unaifuta kwa kitambaa chenye siki na maji, ili harufu yao ipotee na wale wa nyuma wasijue wenzao walipita wapi. Kwenye nyufa tulisugua ganda la limau, tukaziba kwa pilipili iliyotwangwa na chumvi. Ndani ya kikopo cha sukari ya nyumbani aliweka karafuu tano, hakuna anayejua kwa nini tano. Na juu ya yote kulikuwa na majivu. Tuliyachota kwenye mbabula yakishapoa, tukayapitisha katika lile kopo lenye matundu, tukichora mstari mwembamba kuzunguka nyumba. "Majivu ya makala inapashwa kuwa kavu," Mamu alisema. "Ikipata mayi, tududu tunapita juu tukicheka." Mwanzoni nilimwaga kama ninayepanda mahindi, mstari ukawa mnene mahali, mwembamba mahali. Alinirudisha, akanishika kifundo cha mkono kwa kiganja chake kigumu, akaukung'uta mkono wangu taratibu mpaka ukazoea. Siku ile nilimchukia. Leo nikitikisa kopo, mkono unaotikisa ni wangu, lakini kuukung'uta kule ni kwake.

Aliyewachukia sisimizi kuliko Mamu alikuwa baba mkwe wangu. Papa alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na meza ndogo yenye kioo mjini, chini ya baraza la duka moja la vitambaa, na jioni alirudi na kazi iliyobaki ndani ya kisanduku cha biskuti, akaketi sebuleni karibu na dirisha, akabana kikuza-macho chake, kile kioo kidogo cha mafundi, kwenye jicho la kulia, akafungua saa za watu. Kwa kuwa alipenda chai yenye sukari nyingi, vidole vyake vilikuwa vitamu, na sisimizi walimfuata mpaka ndani ya mashine. Siku moja alifungua saa ya mwalimu mmoja akakuta mdudu amekwama kati ya meno ya gurudumu, amekufa, na saa imesimama kwa ajili yake. Papa hakupiga kelele. Alimtoa kwa koleo jembamba, akamweka juu ya karatasi nyeupe, akamtazama sana. "Mama Kalala," akamwambia mkewe, "ambia mwana, huyu alikuya kujifunza kazi, lakini hakuuliza ruhusa." Mwana alikuwa mimi, nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nimeshika sinia. Ndivyo ilivyokuwa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemeshani uso kwa uso. Sikupita mbele yake akiwa anakula, sikuingia chumbani kwake, sikumtazama machoni. Kila neno lake kwangu lilipitia kwa Mamu, hata kama lilikuwa linanifikia masikioni kabla Mamu hajafungua mdomo. Akiuonja ugali wangu, angesema: "Ambia mwana bukari ya leo iko muzuri." Mamu akageuka: "Papa anasema bukari iko muzuri." Nami nikajibu kwa Mamu, "Aksanti, Mamu." Wageni wa mbali wanaweza kucheka. Mimi niliona kuna upole ndani yake, na nampenda marehemu yule mpaka leo kwa sababu aliufuata bila kuugeuza kuwa ukali.

Sheria moja nilipewa siku ya kwanza kabisa, na Mamu aliisema akiwa amenitazama usoni. Nyuma ya bafu letu la mabati kulikuwa na mfereji wa saruji ambako wanaume wa nyumba walikwenda haja ndogo. Kalala akiwa Lukafu, mwanaume wa nyumba alikuwa mmoja tu. "Utafagia lupango yote," Mamu alisema, "lakini kule nyuma mukwe hapiti. Kule ni mimi." Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mfereji ule ulikuwa wa Papa kama chumba chake kilivyokuwa cha Papa, na mwanamke wa umri wangu kuujua ungekuwa utovu wa adabu usiofutika kwa kupiga magoti. Nilifagia mpaka kona ya bafu, nikageuka.

Ilikuwa mwezi wa tisa, joto limeanza na hewa imekauka, nilipoanza kuona kwamba Papa hakuwa sawa. Jagi la maji lililokuwa likitosha watu wote mezani alilimaliza peke yake, kisha akamwambia Mamu aniambie niongeze. Mkanda wake wa suruali ulipata tundu jipya, halafu lingine. Mamu alisema ni joto, kisha akasema ni uzee. Lakini lililoniumiza lilikuwa macho. Alikuwa akipeleka saa karibu na dirisha, kisha nje kabisa mlangoni, kisha anafuta kikuza-macho kwa shati lake, anafuta tena. Jioni moja skrubu ilimponyoka, ile ndogo isiyozidi punje ya sukari, ikaanguka sakafuni. Alipiga magoti akipapasa saruji kwa viganja. Mimi niliiona kutoka mlangoni, iko karibu na goti lake la kushoto, inang'aa, na sikuweza kumwambia maana Mamu alikuwa nje akipima sukari na hakukuwa na mdomo wa kupitia. Nilikimbia kumwita. Tuliporudi Papa alikuwa ameshaketi, mikono juu ya mapaja. "Ambia mwana iache," alisema. "Labda kazi ya saa inatosha sasa. Labda nifunge meza." Mamu akamjibu kwa ukali kwamba anahitaji lunettes, miwani mpya tu, basi. Lakini nilimsikia jikoni akivuta pumzi kama aliyebeba gunia. Fundi wa saa asiyeona ni nini? Hakuwa na kazi nyingine wala hakuijua nyingine, na alikuwa ameanza kukaa kimya jioni.

Siku chache baadaye Mamu aliamka akilalamika mgongo. Nilikuwa nimeshapitisha majivu mbele ya nyumba na pembeni, nikarudi kuweka kopo mahali pake, ndipo akasema bila kunitazama, akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe, "Leo fika mpaka kule nyuma. Mugongo inaniuma." Nilidhani sijasikia vizuri. Nikauliza, "Kule nyuma, Mamu?" Akasema, "Uko na masikio?" Nikaenda nimeinamisha kichwa kana kwamba kuna mtu ananiona. Na kule nyuma niliwakuta. Sijawahi kuona sisimizi wengi hivyo mahali pasipo na chakula. Walitoka chini ya ukuta kwa mistari mitatu, wakaingia kwenye mfereji, wakajaa kwenye ile saruji iliyokauka wakiing'ang'ania. Ukingoni kulikuwa na majivu ya siku nyingi, tabaka juu ya tabaka, Mamu alikuwa amepigana hapo kwa muda mrefu. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikafuta njia kwa siki, nikasugua limau, nikachora mstari mpana wa majivu makavu, na kesho yake hapakuwa na hata mmoja. Nilijisikia shujaa. Nilimwambia Mamu, "Kule nyuma tududu tulisha kwisha." Akaniangalia, akasema tu, "Bon," na akaendelea na sukari yake. Nilikasirika kidogo, maana mimi ni mtu wa kutaka kusifiwa nikifanya vizuri, sikatai.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa Mama Kavira, mwanamke wa Butembo aliyeuza maharage kwa magunia. Alikuwa na desturi ya kuchagua maharage nje, ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta unaotutenga, akizungumza na dada yake aliyekuwa mgeni. Ukuta ule ulikuwa mfupi, na mimi nilikuwa upande wa pili nikiosha masufuria, kwa hiyo sikusikiliza kwa siri, nilisikia tu. Walikuwa wakizungumza juu ya mjomba wao. "Unakumbuka namna walimujua ugonjwa yake?" alisema Mama Kavira. "Si dokta. Ni tule tududu. Pale alikuwa anakojoa, tunajaa sawa vile umemwanga chai ya sukari. Bibi yake ndiye aliona. Sukari ilikuwa inatoka mu mwili." Dada yake akauliza kama macho yalipona. Mama Kavira akasema, "Macho? Walichelewa. Alikuwa anatambua watoto wake kwa sauti." Kisha wakaendelea na habari za magunia. Mimi nilibaki na sufuria mkononi, povu likanikauka kwenye vidole. Nilifikiria jagi la maji, mkanda, skrubu ile sakafuni. Nikafikiria mstari wa majivu niliouchora kwa mkono wangu mwenyewe, mzuri, ulionyooka, uliofanya pale nyuma paonekane safi.

Mtu atauliza, si ungesema tu? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kila mara narudi kuwa na miaka ishirini. Ningemwambia nani? Kalala alikuwa Lukafu na gari halikuwa limerudi. Papa sikuweza kumsemesha hata juu ya skrubu. Na Mamu ningemwambiaje? Kwamba mimi, mke wa mwanawe, nimechungulia haja ya mumewe, nimeitazama vizuri mpaka nikajua ina sukari? Maneno hayo hayakuwa na mlango wa kutokea. Nilijaribu usiku nikiwa peke yangu kuyapanga, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu kuna lile la mbabula. Nilijua kabisa ninachoweza kupoteza. Mama mkwe akiamua kwamba mukwe wake hana adabu, hakuna ushahidi unaopingana naye. Lakini pia nilimwona Papa kila jioni amelishika dirisha.

Basi asubuhi moja, Mamu akiwa bado ndani, nilichukua ufagio nikaenda nyuma ya bafu nikafagia majivu yote. Sikuacha hata alama. Nikamwaga maji safi juu ya ile siki na limau, nikarudi kuwasha makala. Jioni sisimizi walikuwa wamerudi kwa mistari yao mitatu. Mamu alipowaona aligeuka akaja jikoni, akachukua kopo, akapitisha majivu yeye mwenyewe, mgongo au si mgongo. Kesho yake nikafagia tena. Akaongeza pilipili. Nikaosha pilipili. Aliponda mchaichai akaumimina pale mpaka lupango zima likanukia chai. Nikauzoa kwa kipande cha bati. Mama wa watu, mjuzi wa mtaa, alianza kuonekana ameshindwa, na mwanamke mmoja aliyekuja kuuliza dawa alifukuzwa kwa maneno mabaya. Mimi nilipika sombe nikiogopa kwamba siku yoyote atasema neno moja nami nitaanza kufunga nguo zangu.

Siku ya tano alinikuta. Nilikuwa nimeinama, ufagio mkononi, majivu yameruka mpaka kwenye nywele. Sikumsikia kuja kwa sababu alikuwa peku. "Njo weye?" alisema. "Njo weye unafagiaka majivu yangu?" Nilianguka magoti pale pale, karibu na mfereji, mahali ambapo sikupaswa hata kupita. Machozi yalikuja, lakini nilikuwa pia na hasira, na nadhani hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilisema, "Mamu, munisamehe. Muachilie tududu tupite. Muangalie kwenye tunaendaka." Nikasema tena, "Kule hakuna sukari yenye tulimwanga, Mamu. Hakuna." Nilitazama miguu yake. Vidole vyake vilikunjika kwenye udongo, vikanyooka. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba sisimizi wa kwanza walipata nafasi ya kuvuka pale nilipofagia, mmoja, wawili, kisha mstari. Mamu aliwafuata kwa macho mpaka kwenye mfereji. Ndipo akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa, "Simama, mwana. Utachafuka." Akaingia ndani. Kupitia dirishani nilimsikia akimwambia mumewe, "Vaa viatu. Tunaenda ku dispensaire." Papa akauliza nani mgonjwa. "Vaa viatu," alisema.

Ilikuwa sukari. Muuguzi alisema ilikuwa juu sana, lakini akaongeza kwamba wapo wanaokuja wakiwa wameshachelewa na huyu hakuchelewa. Walimpa vidonge, wakamkataza chai yake, wakamwambia arudi kupimwa damu kila mwezi. Mamu aliuza gunia la mwisho la sukari, na wiki iliyofuata alikuwa mlangoni akiuza chumvi kwa vikombe vile vile, akimtazama kwa ukali kila aliyetaka kuuliza sababu. Sisimizi wa sebuleni walipotea wenyewe, bila limau. Wale wa nyuma ya bafu walipungua siku baada ya siku. Kila asubuhi Mamu alikwenda kuwaangalia, na akirudi alitangaza jikoni kama anayesoma habari: "Leo ni kidogo." "Leo ni moja, alipotea njia." Muuguzi alipoambiwa alicheka sana, akasema aendelee kuwaangalia lakini damu waje kupima vile vile, naye alifuata yote mawili. Na macho ya Papa, taratibu, sukari iliposhuka, ukungu ulitoka. Si wote. Saa ndogo kabisa aliziacha. Lakini alirudi kwenye meza yake chini ya baraza, na sauti yake ikarudi jioni, na ule utani wake.

Kuhusu mimi, hakuna aliyesema kitu. Papa angesemaje? Kunishukuru kungekuwa kukiri kwamba nilijua. Ilikuwa baada ya mvua kuanza, Jumapili, nilipokuwa nikipakua bukari, Mamu akaweka mbele yangu kitambaa kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na saa ya kike, ya zamani, uso wake mdogo kama kifungo cha shati, mkanda mpya wa ngozi nyekundu. Ilikuwa inatembea. "Papa anasema ilikuwa inalala mu kisanduku bure," alisema Mamu. "Anasema ikisimama, umurudishie." Papa mwenyewe alikuwa mezani, hatua tatu, anatazama sahani yake kwa bidii. Nilisema, "Aksanti, Mamu," lakini kwa sauti ya kumfikia yeye, na nikamwona akitikisa kichwa mara moja. Wiki hiyo hiyo nilipewa mbabula na sufuria. Miezi sita tu. Wifi yangu mkubwa hakuamini. Saa ile Papa aliifungua na kuisafisha kila mwaka mpaka alipofariki, akiwa mzee kabisa, mtoto wangu wa nne ameshaingia sekondari, na hakuacha kutambua uso wa mtoto yeyote. Kila mwaka ilirudi kupitia mikono ya Mamu, ndani ya kitambaa kilekile.

Hivyo kwa miaka thelathini nilibeba moyoni fahari ya kimya kwamba mimi ndiye niliyeona. Sikuwahi kuisema lakini niliibeba. Mwaka huu, Mamu alipolala kitanda ambacho hakuinuka tena, ilikuwa zamu yangu kukaa naye mchana. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni alipofumbua macho. "Ngalula. Ulizania sikuonaka?" Nikamuuliza, kuona nini, Mamu? "Tule tududu. Nilionaka mbele yako, miezi mingi. Baba yangu, kule Kasai, ilikuwa vile vile. Tududu, kiisha mayi ya kunywa, kiisha macho, kiisha balimukata mugulu. Nilikuwa mutoto, njo mimi nilikuwa namushikaka mukono kumutembeza." Alipumzika. Nilikuwa nimeshika mguu wake, sikuthubutu kuuachia. "Nilijua, mwana. Niliogopa. Nikatia majivu juu, niache kuona. Kila siku naongeza." Nikasema, "Mamu, mupumuzike." Akatikisa kichwa juu ya mto. "Ile siku nilikutuma kule nyuma, mugongo haikuwa inaniuma. Nilitaka muntu mwingine aone. Peke yangu sikuweza." Kisha akatabasamu, yule mjuzi wa mtaa, meno mawili yamebaki mbele. "Nikasema atanyamaza, kama mimi. Kumbe weye unashika ufagio. Aksanti, mwana."

Nililia pale pale, na sioni aibu kusema. Fahari yangu ilikwisha siku hiyo, na mahali pake pakaja kitu kikubwa zaidi. Yule mama aliyenishika kifundo cha mkono alinipa sheria kwa mdomo, na siku ilipohitajika akaniamini na jambo ambalo alishindwa kulibeba.

Kalala sasa ana miaka sitini, ameacha mahindi na Lukafu, na ni mtoto wa baba yake hata kwa chai. Damu anapimwa, nampeleka mwenyewe, apende asipende. Jikoni kwangu napitisha majivu kwa kopo la Mamu, kwenye madirisha, kwenye mlango, kuzunguka kabati. Nyuma ya bafu siweki. Kila asubuhi, kabla sijawasha makala, naenda pale na kuinama, magoti yananiuma, natazama saruji vizuri. Leo pia haikuwa na kitu. Nikasema aksanti, kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kupitia.